Kutoka Meza ya Tabora Hadi Meza ya Kigoma

Mpambaji wa kwanza tuliyemwita kuuona ukumbi alitoa futi mfukoni na kuanza kupima kuta kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Alipima marefu, akapima kimo mpaka mkono ulipoishia, akaandika kwenye simu yake. Kisha akaniambia kuta zote zitafunikwa kwa satini nyeupe, na kutoka darini zitashuka pazia za rangi ya dhahabu. "Dada, tukimaliza kazi hutajua kabisa kama hili ni jengo la zamani," alinihakikishia. Aliyasema kwa moyo safi, kama fundi anayeahidi kazi nzuri. Nikamshukuru, nikampa nauli ya bodaboda, na jioni ile nikaiambia kamati ya harusi kwamba kuta zibaki zilivyo.

Ubishi wake ulichukua vikao vitatu.

Naomba kwanza niieleze nyumba yenyewe, maana bila nyumba ile harusi ya mdogo wangu ingekuwa harusi nyingine. Wazee wa Tabora wanaiita Hoteli ya Reli, na jina hilo limebaki midomoni mwao wenye nyumba wakibadilika mmoja baada ya mwingine. Ipo karibu na stesheni. Ni ya enzi za Wajerumani, miaka ile reli ya kati ilipokuwa inasukumwa kuelekea ziwani: iliingia Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wenyeji husimulia kwamba ilikusudiwa mabwana wakubwa waliokuja kuwinda. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji, baadaye Waingereza wakashika nchi, na nyumba ikaendelea kupokea wasafiri wa treni. Kuta zake ni nene na dari liko juu sana. Ukiingia kutoka kwenye jua la Tabora la mwezi wa kumi, lile linalokausha hata mate mdomoni, unasikia ubaridi ukikujia kutoka ukutani kama mtungi wa maji.

Hiyo ndiyo nyumba tuliyoshauriwa tuivike satini.

Kwenye kamati hoja ya wapinzani wangu haikuwa ya ovyo, na ninataka kuitendea haki. Baba Mdogo, aliyekuwa mwenyekiti, alisema watu wamechanga, na mtu aliyechanga anapoingia ukumbini anataka kuona hela yake imekwenda wapi. Asipoyaona mapambo atasema kamati imekula. Mama Mkubwa akaongeza kwamba wakwe wanatoka Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 400, wasije wakakuta ukuta mtupu wakasema tumeshindwa kumpamba mtoto wetu. Nilizielewa zote mbili. Lakini nimekaa kwenye harusi nyingi, na nyumbani nina albamu za picha ambazo siku hizi nikizifungua sijui ipi ni ya Mwanza, ipi ya Dar es Salaam, ipi ya hapa kwetu. Kitambaa ni kile kile, maputo yale yale, kiti cha maharusi kile kile cha dhahabu kinachokodishwa kutoka ukumbi hadi ukumbi. Watu wamependeza, wanacheka, na nyuma yao hakuna mahali. Sikutaka mdogo wangu aolewe pasipo na mahali.

Kikao cha pili Mjomba alileta hoja nzito zaidi. Aliuliza kwa nini tuende kuchezea harusi nyumba ya Mjerumani, wakati nyumba za watu wetu zipo. Kimya kikaingia. Hili si swali la kupuuza Tabora. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara ya pembe na ya watu waliouzwa, kisha ukatawaliwa na wageni mmoja baada ya mwingine, na kila jengo kubwa la zamani lina maumivu yake ndani. Aliyejibu ni mama yangu, ambaye kwenye kamati hakuwa na cheo chochote. "Mjerumani alileta ramani," alisema. "Mawe yalibebwa na nani?"

Mama alikuwa na haki ya kusema hivyo. Baba yake, babu yangu, alikuwa mfanyakazi wa genge, lile kundi linalotunza njia ya reli: kukaza vifungo, kubadilisha mataruma, kufyeka majani yasimeze njia. Enzi ya Mwingereza alitumwa hotelini mara nyingi kupeleka mizigo iliyoshuka kwenye treni, na kila mara alipita mlango wa jikoni, kwa sababu mlango wa mbele haukuwa wa watu kama yeye. Alitusimulia bila kinyongo, kama mtu anavyosimulia hali ya hewa ya mwaka fulani. Kilichobaki zaidi kichwani mwangu ni wimbo wake. Wajukuu tukikataa kulala, alitutajia vituo vya reli kutoka Tabora kwenda Kigoma, polepole, kwa mdundo wa magurudumu, na kila kituo alikipiga kwa kiganja kwenye ubao wa kitanda: Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza. Wengi wetu hatukuwahi kufika Uvinza tukiwa macho.

Wimbo huo ndio uliotupa harusi. Bibi harusi wa Tabora, bwana harusi wa Kigoma, na kati yao reli moja. Ukumbi unachukua watu 120 wakikaa kwa raha, yaani meza kumi na moja. Tukahesabu vituo tunavyovitaka, pamoja na Tabora yenyewe, na Kazuramimba na Luiche kabla ya Kigoma. Vikawa kumi na kimoja. Baba Mdogo alihesabu mara mbili kwa kidole, akavua miwani, akasema, "Haya, satini basi."

Kutoka hapo kazi ikawa nyepesi, na hata wapinzani wakageuka kuwa na mawazo mengi kuliko mimi. Kadi za mwaliko zilichapwa ndogo, za karatasi ngumu ya rangi ya udongo, mfano wa zile tiketi za treni za zamani, na mlangoni wapwa zangu wawili wenye kofia za wakaguzi wa tiketi walizitoboa tundu moja moja. Hela iliyokuwa ya satini ilikwenda kwenye chakula, na Baba Mdogo aliitangaza hadharani ili wachangiaji wajue. Kila meza ilipewa kitu cha kituo chake. Urambo na Kaliua tuliwapa asali ya msituni, kwa sababu anayeijua miombo ya kule anajua nyuki wake. Uvinza ikawekewa bakuli la chumvi, ile inayotokana na maji ya chemchemi ambayo watu wa Uvinza wamekuwa wakiyachemsha tangu kabla ya reli, kabla ya Mjerumani, kabla ya misafara yenyewe. Malagarasi ikapata kasia, kwa ajili ya mto wake. Meza ya Kigoma ikapata dagaa kwenye kikapu, chupa ya mawese, na karabai mbili za zamani alizozituma mjomba wa bwana harusi, mvuvi wa dagaa. Alisema siku hizi wenzake wengi wanatumia taa za betri na za sola, lakini zake hazijawahi kumwangusha. Meza nyingine zote zikawekewa chemli moja moja, zenye utambi ulioshushwa, kama pambo tu. Kuta tuliziosha kwa maji na sabuni. Hilo ndilo pambo lote zilizopata.

Tarehe ilipangwa na mwezi. Hili walituomba wakwe: tuchague Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Kwenye mbalamwezi dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, wavuvi hupumzika, na wajomba wote wangeweza kuja. Jumamosi iliyopatikana ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na maembe yakianza kuiva. Kwa hiyo hata wale waliotaka turubai nje wakakubali kwamba ndani ni salama.

Siku yenyewe misa ilikuwa asubuhi. Sitaielezea kirefu, ilikuwa nzuri kama misa za ndoa zilivyo, na mdogo wangu alilia pale pale nilipojua atalia. Alasiri mawingu yakawa mazito upande wa mashariki. Matarumbeta yalitangulia juu ya pikapu, wakazunguka mji, wakapita stesheni, na abiria waliokuwa wakisubiri treni wakasimama na kupiga vigelegele kwa watu wasiowajua.

Kwenye baraza ya hoteli tulikuwa tumepanga mapokezi. Bibi, mke wa babu wa reli, aingie wa kwanza kwa mlango wa mbele, ameshikwa mkono na mama, matarumbeta yakipiga. Niliyapanga mwenyewe na niliyapenda sana. Gari lake likafika, tukasubiri, Bibi haonekani. Tukamtafuta garini, hayumo. Dakika zikapita, mpiga tarumbeta akafuta jasho mara ya tatu, ndipo mlango wa ndani wa ukumbi, ule unaotoka jikoni, ukafunguka. Bibi akatokea na kitenge chake kipya, ameshika sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyopewa na wapishi, na nyuma yake wapishi watatu wanacheka.

"Bibi, shikamoo. Mbona huko?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilitaka nipite alipopita babu yako. Nimeuona mlango. Mdogo, lakini unapitika." Kisha akatupa mgongo, akawageukia wapishi na kuwashukuru kwa Kinyamwezi, "Wabeja," akaenda kukaa meza ya Tabora kama mtu aliyekuwa akikaa hapo siku zote. Mama alibaki kwenye baraza kwa muda, ameshika nguzo.

Maharusi waliingia kwa treni. Yaani bwana harusi mbele, mdogo wangu nyuma yake ameshika mabega, matroni ameshika mkia wa gauni, na nyuma yao mstari wa vijana. Walipita meza kwa meza kwa mpangilio wa reli, wakisimama kila kituo. Hakuna kituo kilichowaruhusu kuondoka bure. Mkubwa wa kila meza alikuwa na kitendawili chake, na maharusi walipaswa kutegua. Wakishindwa, sheria ni ile ya utotoni: nipe mji. Usoke waliwapa rahisi, kuku wangu katagia mwibani, na nanasi likateguliwa kwa sauti ya ukumbi mzima. Urambo wakapita. Kaliua alikuwepo mzee mmoja, rafiki wa babu tangu gengeni, sauti yake kama inatoka kisimani.

"Kitendawili."

"Tega!"

"Huku ng'o, huko ng'o."

Shemeji akafikiri. Akamwangalia mdogo wangu, naye akaangalia viatu vyake. Mzee akangoja kwa heshima zote, kisha akanyoosha kiganja: "Nipe mji."

"Nakupa... nakupa Kigoma!"

Nyie, ukumbi ulipasuka. Wakwe wote wakasimama. Shangazi zake walipiga kelele kwamba hana mamlaka ya kuutoa Kigoma, mji una wenyewe, na mmoja akakimbilia karabai na kuikumbatia kifuani isije ikachukuliwa pamoja na mji. Mzee hakuharakisha. Alikaa sawa, akakunja mikono, akasema, "Basi nimekwenda Kigoma. Nimefika mwisho wa reli. Wamenisalimia mwakeye, wamenipa ugali wa muhogo na mgebuka, nimekula nimeshiba, nimelala ufukweni nikiangalia ziwa langu. Asubuhi watu wangu wa Kigoma wameniambia jibu. Ni giza." Tangu dakika ile mpaka mwisho wa sherehe kila mtu wa Kigoma aliyetaka soda alitakiwa kuomba ruhusa kwake.

Hapa niseme ninachoamini. Siku hizi tunaambiwa harusi ya kisasa iwe na michezo, na michezo inanunuliwa: moshi wa bei mbaya wakati wa kufungua muziki, fataki baridi, mshereheshaji aliyefundishwa vichekesho ambavyo vimeshapita kwenye harusi ishirini. Lakini sisi michezo tulirithi, na imejengwa ndani ya udugu wenyewe. Shemeji ana haki ya kumchokoza shemeji. Bibi ana haki ya kumwita mjukuu wake mume na kumdai mahari. Kila utani una mipaka yake, na kila anayetania anajua anamheshimu nani. Ndiyo maana unakaa vizuri ndani ya nyumba yenye kuta nene na historia ndefu. Mzee wa Kaliua hakupunguza uzito wa siku ile hata chembe alipouchukua Kigoma. Kwa kuuchukua, aliwaambia wakwe kwamba sasa tuna mali ya kugombania, na mali ya kugombania ni ya ndugu.

Na kama kuna mtu ana shaka, ningemwonyesha mtani wetu.

Jirani yetu ni mama wa Kizaramo, mjane wa mtu wa reli, aliyeletwa Tabora na uhamisho miaka mingi iliyopita na akabaki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba pembe mpaka pwani na kupita nchi ya Wazaramo, na utani huo unafanya kazi hasa kwenye misiba na harusi. Maharusi walipomaliza Luiche na kufika Kigoma, wakaelekea meza kuu kukaa, walimkuta Mtani ameketi kwenye kiti cha bibi harusi, amepanga mikunjo ya gauni lake, mkononi ameshika maua ya mezani.

"Mimi ndiye niliyeolewa," alisema kwa upole. "Huyu mtoto ni mpambe wangu."

Hakuna aliyemgusa, maana mtani haguswi. Baba Mdogo akaenda kumbembeleza na kumpa sarafu tulizotengeneza kwa karatasi ya kung'aa, zenye picha ya tembo. Tulikuwa tumezitawanya mezani kuwakumbusha wageni kwamba mwaka 1916, vita vikiwa vimewazingira Wajerumani na fedha zimekwisha, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ilitengenezwa hapa hapa Tabora kwenye karakana ya reli, ikiwa na tembo upande mmoja. Neno hela lenyewe tunalolitumia kila siku limetokana na heller, senti ya Wajerumani hao hao. Mtani akaichukua sarafu, akaing'ata, akaitazama.

"Hii ya karatasi mpeni Mjerumani," akasema. "Mimi ni Mzaramo, nataka ya kununulia nazi."

Ikabidi kofia ipitishwe. Watu wa Kigoma, ambao walikuwa wameshanyang'anywa mji, walichanga kuliko sisi. Mtani alihesabu noti zote mbele ya watu, akasimama, akampa mdogo wangu kiti, akamkumbatia kwa muda mrefu, na ile hela yote akaifunga kwenye kona ya kanga ya bibi harusi. Hapo mdogo wangu alilia mara ya pili, na mara hii sikuwa nimeitegemea.

Saa moja usiku mvua ikanyesha. Kubwa, ya dakika arobaini hivi, ikakata ghafla kama ilivyoanza. Madirisha ya juu yalikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Chakula kilikuwa kinaendelea, pilau na kuku wa kienyeji, migebuka na ugali wa muhogo upande wa pili, matobolwa kwa karanga kwa wenye kujua utamu. Mtoto mmoja akasema, "Kumbikumbi!" kwa furaha, na wakubwa tukageuza shingo.

Mwanzoni walikuwa watano, kumi. Halafu wakaja. Anayeijua Tabora anajua mvua za kwanza zinavyowatoa kumbikumbi ardhini, kwa maelfu, na moja kwa moja kwenye taa. Walijaa juu ya meza kuu, wakaingia kwenye glasi, wakaanguka kwenye pilau, wakaacha mabawa kwenye nywele za matroni. Keki ilikuwa nyeupe na baada ya muda mfupi haikuwa nyeupe. Gauni la mdogo wangu lilikuwa likitembea. Niliona miezi mitano ya vikao ikiliwa mbele ya macho yangu, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kusimama mbele yake na sinia nikipunga.

Bibi ndiye aliyepaza sauti. "Zimeni taa! Zote! Mnawaalika wenyewe!"

Aliyemwelewa upesi kuliko wote ni yule mjomba wa Kigoma, mvuvi. Alizichukua karabai zake mbili mezani, akaomba mafuta jikoni, akatoka nazo barazani na kuanza kupampu. Mtu wa kubonyeza swichi akazima taa za ukumbi, ikawa huku ng'o, huko ng'o, na katika giza lile sauti kutoka kisimani ikasema, "Si nilikuambia, kijana?" Watu walicheka wakiwa hawaonani. Nje, karabai ya kwanza ikashika, ikatoa ule mlio wake wa kufoka, mwanga mweupe ukajaa baraza, kisha ya pili. Mjomba akazitundika kwenye mwisho wa baraza, mbali na mlango, na chini yake akaweka mabeseni ya maji aliyoyaomba kwa wapishi. Kumbikumbi wakaanza kutoka. Walipita juu ya vichwa vyetu kama mto, kwa madirisha yale yale waliyoingilia, wakaufuata mwanga. Mjomba alisimama kando ya mabeseni mikono nyuma, akiwaangalia wakianguka majini.

"Dagaa hawa hawa," alisema. "Wana mabawa tu."

Ndani tukawasha chemli, moja kila meza, utambi chini. Nilikuwa nimeuona ukumbi ule mara nyingi kwa taa za umeme nikipanga viti, na sikuwa nimeuona kweli. Kwa mwanga mdogo dari lilipotea juu kabisa, kuta zikawa na rangi ya asali, na vivuli vya watu vikapanda ukutani vikubwa kuliko wenyewe: kivuli cha Bibi anatafuna, kivuli cha Mtani anapanga kanga, kivuli cha mzee wa Kaliua anakunywa chai ya Kigoma yake. Ukuta wa satini usingepokea vivuli namna hiyo. Mpiga picha alilalamika mwanzoni, kisha akanyamaza kwa muda mrefu akipiga. Mshereheshaji alizima kipaza sauti, maana watu walikuwa wameanza kuongea kwa sauti za chini kama wako nyumbani. Ngoma ya manyanga iliyopangwa kuchezwa saa mbili ilichezwa katika mwanga huo, njuga na manyanga bila spika, na wakwe waliijifunza papo hapo, miguu yao ikikosea pamoja.

Watoto hawakucheza. Watoto walikuwa nje na mabakuli.

Karibu saa tatu mabawa yakaisha kuruka, kama yanavyoisha siku zote, na Baba Mdogo akauliza kama tuwashe umeme. Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Mama Mkubwa, yule aliyeogopa wakwe wataona ukuta mtupu, akamwambia, "Mwenyekiti, kaa chini." Keki ikakatwa gizani nusu, upande usiokuwa na wageni wenye mabawa.

Asubuhi ya Jumapili nilirudi ukumbini kukabidhi. Mabawa yalikuwa yamefunika sakafu nzima, mepesi, yakisogea kila mlango ulipofunguliwa, na ilibidi tuyafagie na ufagio uliolowanishwa la sivyo yalipanda hewani. Nilifagia mwenyewe meza kwa meza, kutoka Tabora nikielekea Kigoma. Chini ya Malagarasi nilikuta sarafu moja ya tembo, nikaiweka mfukoni. Ninayo.

Nyumbani Bibi alikuwa ameshaamka muda mrefu. Kumbikumbi wa mabeseni waliokotwa, wakaanikwa kidogo, na alikuwa ameketi na ungo akiwapeta, mabawa yakienda na upepo. Aliwakaanga kwenye sufuria kavu, bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao. Alipohitaji chumvi aliagiza aletewe ile ya meza ya Uvinza. Akafunga kifurushi kikubwa kwa gazeti na kanga kuukuu, akampa mjomba mvuvi.

"Za njiani, mkwe," alimwambia. "Na kikapu cha dagaa nakibakiza."

"Haya, Mama. Karabai je?"

"Moja iache. Mvua bado."

Stesheni tuliwasindikiza wote, Mtani akiwemo, akiwadai nauli abiria wa Kigoma kabla hawajapanda. Mzee wa Kaliua alikuja pia, kuwaruhusu rasmi kuingia mji wake. Treni ilipoanza kusogea mjomba alikuwa dirishani, karabai moja kati ya miguu yake, kifurushi mapajani kimeshafunguliwa, anatafuna na kumpa jirani yake ambaye hakuwepo hata harusini.